Usisome kwa Shukrani

Mbekenyera, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Rukia,

Salamu zangu unazo tangu siku niliyokuzaa, kwa hiyo leo naziruka. Nakuandikia nikiwa uani, nimekalia kinu nilichokilaza, maana huko mbele nyumba imejaa watu waliokuja kukuaga na kila mmoja ana la kukuagiza. Shangazi zako wamekwisha kukueleza namna ya kufunga sanduku, ule nini melini, ujifunike vipi huko kwenye baridi. Wameyajuaje ya baridi mimi sijui, lakini wasikilize, ni mapenzi. Mimi hayo sitayagusa.

Nataka kukwambia kwa nini nilisema hapana siku ile bomani. Tulirudi kutoka Nachingwea mpaka hapa ndani ya lori moja, magoti yetu yakigusana, na hukuniuliza. Nilijua unangoja niseme mwenyewe. Sikuweza, kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na mjomba wako alikuwa amekaa mbele yetu amevimba kwa hasira. Sasa natumia kalamu.

Unakumbuka Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, alivyotupokea vizuri. Alitupa viti, akazungumza Kiswahili chake safi, akakusifu kwa mtihani wako. Akasema serikali haina neno na safari yako, chuo cha Amerika kimekukubali na hilo ni heshima kwa jimbo zima. Kisha akaweka kidole juu ya karatasi yako, pale ulipoandika kwamba unakwenda kusoma fasihi ya Amerika, akatabasamu kama mtu aliyeona mtoto amegeuza viatu. Akasema ubadilishe. Uandike uuguzi, au maarifa ya nyumbani, naye atapitisha kibali siku hiyo hiyo.

"Nchi yenu inataka wauguzi," alisema. "Hadithi za Wamerika zitamsaidia nani Ruangwa?"

Mjomba Saidi akaitikia kwa kichwa. Hata yule kijana wa chama aliyetusindikiza, ambaye siku zote hapatani na Bwana Shauri kwa lolote, siku hiyo walipatana. Alisema uhuru unakuja na tunataka watu wa kujenga madaraja. Fasihi ya Amerika itajenga daraja gani? Wanaume watatu, kila mmoja na sababu yake, wote wakikutazama wewe. Nawe ukanitazama mimi.

Nikasema, "Hatubadili."

Bwana Shauri akadhani sikuelewa, akarudia polepole. Nikamwambia nimeelewa tangu mara ya kwanza, na hatubadili. Akaikunja karatasi akaitia kwenye droo, tukatoka bila kibali. Nje mjomba wako alisema nimemvunjia heshima mbele ya Mzungu, yeye ambaye kwa desturi yetu Wamwera ndiye mwenye watoto wa dada yake. Alisema kuanzia siku ile nikulee peke yangu. Ulisikia.

Sasa nikupe yaliyo nyuma ya neno langu.

Ulikuwa hujamaliza kung'oa meno ya utoto baba yako alipopata kazi kwenye mashamba ya karanga ya Nachingwea. Wazungu walikuwa wameshusha mitambo ambayo hatujapata kuiona, na vijana wa Ruangwa nzima walimiminika huko. Issa, baba yako, alikuwa na mkono mwepesi wa vyuma, na haukupita muda akawa anaendesha katapila. Akaja kutuchukua hapa Mbekenyera, akatuweka kwenye chumba cha mabati kambini. Wewe ukaanza shule ya watoto wa wafanyakazi. Mimi nikapata kazi ya kupiga pasi nyumbani kwa injinia mmoja Mwamerika.

Mkewe tulimwita Memsabu, kama tulivyowaita wote, ingawa yeye jina hilo hakulipenda. Kwao alikuwa mwalimu wa chuo. Wanafunzi wake walikuwa wale wa mwaka wa kwanza kabisa, na alichowafundisha ni maandiko ya nchi yao, tangu waandishi wa mwanzo mpaka wa siku hizi. Kambini hakuwa na la kufanya ila kufuta vumbi lililorudi kila alipolifuta. Basi akaanzisha darasa la Jumamosi alasiri kwenye baraza ya nyumba yake, kwa makarani waliotaka kunoa Kiingereza. Alitumia kitabu kile kile alichofundishia kwao, kinene kama tofali. Karani mmoja kutoka Nyasa, jina lake Yohana, ndiye aliyejua Kiingereza kuwashinda wenzake, akawa anatugeuzia kwa Kiswahili kila kipande kilipokwisha.

Nasema "anatugeuzia" kwa sababu nami nilikuwepo. Meza yangu ya pasi ilikuwa pembeni ya baraza hiyo. Mwanzoni nilipiga pasi huku nikisikiliza. Siku moja nikasikiliza kuliko nilivyopiga pasi, nikaunguza shati la injinia. Nilijua kazi imekwisha. Memsabu akalitazama lile tundu, akanitazama, akaingia ndani na kutoka na kiti. Tangu hapo Jumamosi sikupiga pasi tena.

Herufi nilikuwa nazijua, baba yako alinifundisha kwa magazeti tulipooana. Kiingereza changu kilikuwa cha jikoni. Nilikuwa mwanafunzi mzito kuliko wote. Mahali wenzangu walipohuzunika mimi nilicheka, kwa kuwa nilimwona mtu anayezungumza na mto kuwa ni mwendawazimu, kumbe ni mshairi. Lakini nilirudi kila Jumamosi. Huko unakokwenda nawe utakuwa mzito miezi ya kwanza, pamoja na akili zako zote. Usione haya. Mimi nilidhani lazima nielewe kila kitu ndipo nifungue mdomo, na kwa kudhani hivyo nilinyamaza muda mrefu bure.

Kitabu kile kilianza na watu waliovuka bahari kwa ajili ya dini yao, wakafika, wakaandika. Kisha wakaja wale waliokwenda na magari ya ng'ombe kuelekea magharibi, nao wakaandika. Mara kwa mara Yohana alitoa maneno mawili: ardhi tupu. Walifika kwenye ardhi tupu, walilima ardhi tupu, Mungu aliwawekea ardhi tupu. Siku moja baba yako alikuwa amekuja kunichukua, amesimama kwenye ngazi na nguo zake za mafuta, kofia mkononi. Hakuwa mwanafunzi. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, "Ilikuwa tupu kweli?"

Memsabu akataka kujua kwa nini anauliza.

"Kwa sababu na hapa wanasema ilikuwa tupu," baba yako alisema. "Na juzi nimefukua mtungi."

Hakusema zaidi. Njiani alinieleza kwamba baada ya mtungi katapila ilifukua mafiga matatu, bado yana masizi, na msimamizi alimpungia mkono aendelee. Akaendelea. Usiku ule hakula. Nataka umjue baba yako kwa siku hiyo pia, si kwa siku ile ya talaka tu. Na ukikutana na maneno hayo mawili kitabuni, hata kama aliyeyaandika ana kalamu tamu kuliko asali, simama hapo. Uliza nani alikuwa akipika pale.

Sasa nifike kwangu. Bibi yangu mzaa mama, ambaye wewe unamjua kwa jina tu, hakuzaliwa katika nchi ya Wamwera. Aliletwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma akiwa mtoto, amefungwa kamba pamoja na wenzake, wakipelekwa Kilwa kuuzwa. Walipofika vilima vya huku akaugua, wakamwacha njiani afe. Hakufa. Watu wa huku wakamwokota, akakua, akaolewa, akamzaa mama yangu. Lakini kijiji hakisahau. Kila nilipogombana na wenzangu kisimani, hakukosekana wa kunikumbusha mimi ni mjukuu wa nani. Nilikua nikiamini kwamba mtu aliyeuzwa hana habari yake ya kueleza, na kwamba habari zake anazo aliyemnunua.

Basi Jumamosi moja niliinua mkono. Tulikuwa tumekwisha kupita nusu ya kitabu. Nikauliza, "Na wale waliopelekwa utumwani huko, wao waliandika nini?"

Memsabu alifungua kurasa kama mtu anayetafuta, ingawa kitabu alikijua chote. Akasema hawamo katika kitabu hiki.

"Hawakuandika?"

Akasema waliandika, tena wengi. Nikamwuliza basi kwa nini hawamo. Akakifunga kitabu. Uso ukawa mwekundu. Darasa likaisha mapema siku hiyo, nami nikarudi chumbani kwetu nikijua kwamba nimekwisha kujifukuzisha kazi.

Sikufukuzwa. Muda ukapita, kikaja kifurushi kwa posta. Memsabu alikuwa ameandika kwao kuomba, nao wakamletea kitabu chembamba cha mwanamke aliyezaliwa utumwani kwenye shamba la pamba, ameandika maisha yake kwa mkono wake mwenyewe. Aliandika kwamba kila jioni kwa bwana wake vijiko vya fedha vilihesabiwa, lakini hakuna aliyejua kwa hakika mama yake alizaa watoto wangapi. Yohana alipofika hapo, makarani walimwomba arudie. Mimi nilijiziba mdomo kwa kanga.

Tulikwama kwenye neno moja. Mwanamke yule alipotoroka na kufika mahali ambapo hakuna wa kumrudisha, alijiita kwa neno ambalo Yohana alilifanya "huru". Nikakataa. Bibi yangu alikuwa akilitumia neno hilo, na kwake yeye mahuru ni watu walioachwa na mabwana zao. Lilikuwa neno la kuachiwa. Huyu hakuachiwa na mtu, alikwenda kwa miguu yake. Karani mwingine akasema basi tumwite mwungwana. Nikakataa pia, maana kwa bibi yangu mwungwana ndiye aliyekuwa na watumwa. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi, Memsabu akitutazama tu, hajui tunachogombania. Hatukupata neno. Yohana akaliandika "huru" na kutia alama pembeni, kwamba hapa bado.

Siku hizi vijana wa chama wanalipaza neno hilo barabarani na mimi naitikia pamoja nao kwa moyo wangu wote. Ila kila nikiitikia naiona ile alama ya Yohana. Sijapata kusahau furaha ya ubishi ule, watu wazima wamekaa kutafuta neno moja tu la haki kwa ajili ya mwanamke aliyekwisha kufa, na mimi nasikilizwa.

Habari zikatembea kambini. Wafanyakazi wengine wakaanza kuja kusikiliza wamesimama uani. Meneja wa kambi akaambiwa kwamba kwa Mwamerika watu wanasomeshwa mambo ya utumwa. Akaja, akazungumza na Memsabu na mumewe ndani. Alipotoka, darasa lilikuwa limefungwa. Makarani wajifunze maneno ya mashine, alisema, hayo ndiyo yatakayowafaa.

Hapa ndipo nilipokosea, na ningependa wewe usikosee hivyo. Nilidhani Memsabu atakataa. Alikuwa amenipa kiti. Alikuwa ameagiza kitabu kutoka mbali kwa sababu ya swali langu. Nikauchukua wema wake nikauita ushujaa. Ni vitu viwili, mwanangu, na mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine. Aliogopea kazi ya mumewe. Alituambia anasikitika sana, na naamini alisikitika. Sikumchukia wakati ule wala simchukii sasa. Lakini huko utakutana na walimu watakaokufungulia mlango kwa furaha, na siku mtu akija kuufunga watakaa pembeni. Pita mlangoni haraka wakati uko wazi, na usijenge nyumba yako kizingitini.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda hivyo hivyo, Yohana na makarani wenzake na mimi. Viti vilikuwa vimeingizwa ndani, tukakaa sakafuni. Kitabu hatukuwa nacho. Yohana, aliyekuwa amekwisha kukisoma chote, akatusimulia kwa kichwa kutoka tulipoishia mpaka ukurasa wa mwisho. Meneja akaja na gari, akauliza nani ametupa ruhusa. Wale wanaume walikuwa na watoto wa kulisha, wakatazama viatu vyao, na nani awalaumu. Mimi nilisimama.

"Hatukuomba ruhusa," nilisema. "Tumekuja kusoma."

Yohana akatafsiri. Angeweza kulainisha maneno yangu, na nani angejua? Hakulainisha. Niliona kwa uso wa Meneja.

Jumatatu sikuwa na kazi. Yohana alihamishwa, na habari zake sikuzipata tena. Baba yako aliitwa ofisini akaambiwa achague, mkewe aombe radhi au yeye ashuke kwenye katapila. Alirudi akakaa mlangoni, akaniomba niombe radhi. Hakunipiga, hakupaza sauti. Alisema ni maneno tu, nikishayasema yamekwisha. Nikamwambia nimejifunza juzi tu kwamba maneno ni mali yangu, siwezi kuanza kwa kuyatupa. Katapila hakutaka kuiacha. Kisha akanipa talaka, akatutafutia lori la kurudi Ruangwa. Wewe ulilia njia nzima kwa ajili ya shule yako. Sikukwambia utaiona tena, kwa sababu sikujua.

Watu watakwambia mama yako alivunja nyumba yake kwa ajili ya kitabu cha Wazungu. Waambie ndiyo, niliivunja, na waambie kwamba kitabu chenyewe hakikuwa cha Wazungu. Imeniuma na inaniuma. Sijuti. Mashamba yale ya karanga hayakudumu, mitambo iliondoka, Wamerika waliondoka, na miti imeota pale baba yako alipopita na katapila. Aliyeomba radhi na aliyekataa, wote wamerudi vijijini kwao kulima mihogo.

Shule uliipata kwa mjomba wako. Hilo usilisahau kwa kuwa leo mmenuniana. Ni Saidi aliyekushika mkono akakupeleka kwa wamisheni wakati watu wa msikitini wanasema utarudi na msalaba shingoni. Aliwajibu kwamba mtoto wa dada yake ana kichwa chake. Kwa hiyo alipoona unakwenda ng'ambo kusoma hadithi, baada ya yote aliyoyabeba, alijiona amechezewa. Ninamwelewa. Nilimpinga, na ninamwelewa.

Mimi hapa Mbekenyera sikuwa na kitabu wala baraza. Nilikuwa na kichwa changu na wanawake wa kupura ufuta. Nikaanza kuwasimulia habari za yule mwanamke kwa Kimwera huku tunapiga matita, yale mafungu ya ufuta. Msimu wa pili walikuwa wanaijua kuliko mimi. Wakamfanya mtu wa Chunyu, huku huku kwetu. Shamba la pamba likawa la mtama. Walipofika mahali binti yake anapouzwa, wakagoma. Mama mmoja mzee akamrudisha binti kwa mama yake, kwenye harusi, akatambuliwa kwa kovu la mguuni. Nikasema kitabuni haiko hivyo. Akaniuliza kama kitabu kilikuwepo tulipokuwa tunapura. Nilibishana nao misimu mingi, nikitaka kila neno likae kama alivyoandika mwenyewe, nikawa mkali mpaka wengine wakaacha kuja kwangu. Kisha nikawaachia. Walikuwa na watoto wao pembeni, na hadithi ile walikuwa wanaihitaji kwa namna yao.

Wewe ulikulia kwenye hadithi hiyo. Ulikuwa unaomba kipande cha harusi kila unapokwenda kulala. Sasa unakwenda kuisoma mwenyewe, na ni afadhali uambiwe na mimi kuliko na mgeni: kitabuni binti haonekani tena. Mama yake anamtafuta mpaka ukurasa wa mwisho, na ukurasa unakwisha. Ukifika hapo utanikasirikia. Kasirika. Halafu kaa ufikiri kwa nini yeye aliacha wazi na kwa nini sisi tulifunga. Sidhani mwalimu yeyote atakupa swali zuri kuliko hilo, na jibu lake mimi sinalo.

Kuna jambo jingine usilolijua. Kibali kilipokuja, ulisema kumbe Bwana Shauri ana moyo mzuri. Sikukukatalia, lakini usiende Amerika na fikira hiyo. Unakumbuka nilikuaga nakwenda Kiegei kwa mama mdogo aliyekuwa mgonjwa. Kiegei nilifika, nikamwona mgonjwa, nikapitiliza Nachingwea. Nililala kwa mwanamke tuliyekuwa tukifua pamoja kambini. Kila asubuhi nilikwenda bomani nikakaa kwenye ngazi. Askari aliniuliza shida yangu, nikasema namngoja Bwana Shauri. Bwana Shauri akapita, akaniambia jibu ninalo mwenyewe, nibadili tu karatasi. Nikamwitikia vizuri, nikabaki nimekaa. Mvua ikanyesha, nikasogea chini ya paa. Kesho yake nikarudi, na kesho yake. Watu wenye kesi zao wakanizoea, wakawa wananiachia nafasi yangu. Siku moja alisimama mbele yangu akasema, "Mama, huchoki?"

"Nimezoea palizi," nikamwambia.

Alicheka kidogo bila kupenda. Kabla boma halijafungwa karani wake akaniletea karatasi imepigwa muhuri. Yeye mwenyewe hakutoka. Kwa hiyo usimshukuru kwa moyo wake mzuri, ingawa huenda anao.

Na hilo ndilo nililotaka hasa kukwambia. Huko watakwambia una bahati. Watalisema mara nyingi, kwa nia njema, watakupiga picha, watakuuliza unajisikiaje. Kumshukuru mtu aliyekupa maji ni adabu, nami nimekufundisha. Lakini usisome kwa shukrani. Mtu anayesoma kwa shukrani hawezi kusema kwamba kitabu kimedanganya. Husoma ameinama, na aliyeinama anaona miguu ya mwandishi tu. Wewe soma umekaa wima. Palipo pazuri, penda bila woga, maana yamo mazuri mengi, nilihuzunika kweli darasa lilipofungwa. Palipo na uongo, useme, hata kama sauti inatetemeka.

Yohana alitueleza kwamba katika nchi ile kuna milango ya weupe na milango ya weusi, na vijana wanaosoma magazeti wanasema mpaka leo ipo. Basi itatokea asubuhi ukasoma shairi tamu juu ya binadamu na uhuru wake, na jioni ukanyimwa kikombe cha chai hotelini. Shairi lisikufanye uisamehe hoteli. Na hoteli isikunyang'anye shairi.

Yule kijana wa chama aliuliza fasihi itajenga daraja gani. Mwache ajenge daraja, tutalipita na tutamshukuru. Lakini nchi hii itakapokuwa yetu, kuna watu watakaokaa mezani kutunga kitabu cha kusomesha watoto wetu, na hao ndio watakaoamua nani aingie kitabuni na nani aachwe njiani. Nataka mezani pale awepo mtu aliyekwisha kuona kwa macho yake jinsi Wamerika walivyofanya kazi hiyo, walichoweka na walichotupa. Awe kitukuu wa aliyeachwa vilimani. Ndiyo sababu sikubadili, na ndiyo sababu ningekaa kwenye zile ngazi mpaka mvua zikatike.

Mjomba wako amekuja. Namwona kutoka hapa, ameketi mwisho wa jamvi. Ukiingia mwamkie yeye kwanza, upige magoti kama siku zote. Usimwombe radhi. Mpe mkono wako aushike kadiri anavyotaka.

La mwisho. Unaweza kushindwa. Hakuna anayelisema huko mbele, wote wanakuombea ufaulu, na dua zenyewe wanazipaza mpaka zinanitisha. Mtihani unaweza kukushinda, au baridi, au upweke. Au unaweza kufika ukaona kwamba fasihi ya Amerika huipendi hata kidogo. Wengi wanaorudi mikono mitupu huingia kijijini gizani. Mimi nilifanya hivyo nilipotoka Nachingwea. Nilimwomba dereva wa lori atushushe porini, tukangoja jua lizame, umenilalia begani, ndipo tukaingia kwa njia ya mashambani, na nikakaa ndani mpaka watu wakachoka kuniulizia. Hilo ndilo jambo moja katika haya yote ambalo ningelifanya vingine.

Wewe usirudi hivyo. Uwe na shahada au usiwe nayo, shuka kwenye lori mchana, siku ya gulio, katikati ya soko, watu wote wakiwepo. Nitakuwa nimesimama pale. Nitajitwika sanduku lako, utatangulia wewe, nasi tutapita barabara kuu mpaka nyumbani.

Mama yako,
Somoe